Kuchambua kikasha: kupanga barua pepe za nyumba ya wageni kwa lebo na vichujio

Nyumbani Pemba, karafuu zikishachumwa hazilazwi na makonyo yake, yaani vikonyo vinavyozishika. Magharibi ikishaswaliwa, watu wanazunguka jamvi, karafuu zimemwagwa katikati na makonyo yake, na kila mmoja anachambua: karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi karafuu zinaanikwa. Makonyo hayatupwi, maana nayo yana bei yake. Yanapelekwa kiwandani Wawi kutolewa mafuta.

Siku hizi niko Jambiani, pwani ya Unguja, nashika barua pepe za nyumba ya wageni ya ami yangu, vyumba tisa. Siku ya kawaida ya Julai zinaingia barua sabini, themanini. Zilizoandikwa na mtu anayesubiri jibu hazizidi kumi na tano. Zilizobaki zimetumwa na mashine: taarifa za bukingi, risiti, taarifa za benki, matangazo ya magodoro na programu za hoteli. Mgeni aliyeko Hamburg anayeuliza kama kitanda cha mtoto kipo anangoja chini ya rundo hilo, na mgeni huyo hakutuandikia sisi peke yetu. Ameandikia nyumba nne au tano kwa mpigo, na mara nyingi anayemjibu mwanzo ndiye anayempata.

Kwa hiyo nachambua. Kanuni yangu ni moja, na hatua zote zitakazofuata zinatoka humo: barua ya mashine ihamishwe kando, barua ya mtu iachwe kikashani, pale barua mpya zinapoingilia, mbele ya macho. Nitaeleza kwa Gmail kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku. Outlook nitaigusia baadaye.

Hatua ya kwanza: wiki moja na daftari

Usianze kwenye kompyuta. Chukua daftari, na kwa siku saba andika kila barua inayoingia: imetoka anwani gani, imeandikwa na mtu au na mashine, na ingekaa bila kujibiwa kwa siku tatu kungeharibika nini. Swali hili la tatu ndilo lenye kazi. Barua ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kuhusu ritani ya kodi ikikaa siku tatu inaweza kukuletea faini. Tangazo la magodoro likikaa mwaka mzima hakuna aliyeumia.

Andika anwani nzima, hasa sehemu iliyo baada ya alama ya @. Jina linaloonekana juu ya barua mtu yeyote anaweza kujiandikia atakavyo. Anwani ndiyo utakayoitumia kwenye kichujio, yaani amri unayoipa Gmail ili barua za aina fulani izipange yenyewe. Na usidhani kampuni moja ina anwani moja. Kwetu, taarifa za kawaida za Booking.com zinatoka anwani moja, na ujumbe ambao mgeni mwenyewe ameuandika kupitia kwao unatoka anwani nyingine, yenye guest.booking.com mwishoni. Ya kwanza ni mashine, ya pili ni mtu. Ukizifungia pamoja umeshajifungia mlango.

Hatua ya pili: lebo chache

Gmail haina folda hasa, ina lebo, na tofauti yake ni vizuri kuielewa kabla hujaenda mbali. Folda ni gunia: barua ikiwa gunia hili haimo gunia lile. Lebo ni alama unayoiandika juu ya gunia, na gunia moja linaweza kubeba alama mbili. Barua ya mgeni inayohusu arubuni yake inabeba «Wageni» na «Malipo» kwa pamoja, nawe unaikuta kote kuwili. Lakini barua yenyewe ni moja tu: ukiifuta ulipoikuta chini ya «Malipo», imefutika na kwenye «Wageni» pia.

Kutengeneza lebo, tazama safu ya kushoto ya Gmail kwenye kompyuta, shuka chini ya orodha, utaona alama ya kujumlisha karibu na neno Lebo. Bonyeza, andika jina, hifadhi. Lebo zinajipanga kwa alfabeti, kwa hiyo mimi naweka namba mbele ili zikae kwa mpango ninaoutaka: 1 Wageni, 2 Malipo, 3 Serikali, 4 Wauzaji, 5 Kazi, 6 Matangazo.

Sita zinatosha. Nilipoanza nilimfungulia kila mgeni lebo yake, na kufika mwisho wa msimu safu ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko daftari la wageni lenyewe, nami nikipotea humo humo. Kumtafuta mgeni mmoja ni kazi ya kisanduku cha kutafutia: andika from: kisha jina lake au anwani yake, barua zake zote zinakuja.

Hatua ya tatu: kichujio cha kwanza

Anza na kitu ambacho kikikosewa hakimuumizi mtu. Chukua tangazo. Fungua mojawapo ya barua zake na unakili anwani ya mtumaji. Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya ukurasa; mwisho wake wa kulia kuna alama ndogo ya vijiti vyenye vifundo. Bonyeza hapo, inafunguka fomu: mtumaji, mpokeaji, kichwa cha barua, maneno yaliyomo, maneno yasiyokuwemo, ukubwa, tarehe. Bandika anwani kwenye nafasi ya mtumaji.

Sasa usikimbilie kuunda kichujio. Bonyeza kwanza kitufe cha kutafuta na uitazame orodha itakayokuja. Hizi ndizo barua ambazo kichujio chako kingezikamata tangu mwanzo. Zipitie mpaka chini. Ukiona humo hata barua moja usiyotaka ihamishwe, masharti yako ni mapana mno, rudi uyabane. Kwangu hii ndiyo hatua isiyorukwa, na inachukua dakika moja.

Orodha ikikuridhisha, ifungue tena fomu ile na ubonyeze maandishi ya kuunda kichujio, yaliyo chini kando ya kitufe cha kutafuta. Unaletewa orodha ya vitendo, na kila kitendo kina kisanduku cha tiki. Kwa matangazo natia tiki tatu: iruke kikasha, ipewe lebo ya «6 Matangazo», na kitendo cha mwisho kabisa, kichujio kitumike pia kwa barua zilizokwishaingia. Bila tiki hiyo ya mwisho kichujio kitashika barua mpya tu, na rundo la zamani litabaki lilivyo.

Kuruka kikasha si kufutwa. Barua ipo, inatafutika, inasomeka chini ya lebo yake. Imekosa kukaa mbele tu. Kitendo cha kufuta sikitumii kwenye kichujio chochote. Kilichofutwa kinakwenda kwenye tupio, na baada ya siku 30 hakirudi tena.

Watumaji wa aina moja unaweza kuwaweka kwenye kichujio kimoja kwa kuandika OR kwa herufi kubwa baina ya anwani zao. Wauzaji wangu wote, yaani wa gesi, wa samaki, wa dobi na wa maji ya chupa, nimewaweka kwenye kichujio kimoja kwa njia hiyo. Lakini wao sikuwarusha kikasha. Ni watu. Nimewapa lebo tu.

Usichuje kwa neno

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu palinigharimu.

Mwaka wa kwanza nilichoshwa na barua za ofa. Nikaona zote zina neno la Kiingereza offer, nikaunda kichujio: barua yoyote yenye neno hilo iruke kikasha na kwenda kwenye matangazo. Kikasha kikawa cheupe, nikafurahi. Siku moja ami akanijia risepsheni na simu mkononi. Mgeni wetu wa zamani alikuwa amemwandikia WhatsApp kwamba rafiki zake wametuomba vyumba na hawajajibiwa.

«Mwanangu, wale Wajerumani wa watu sita umewajibu nini?»

«Ami, hawakuandika.»

«Wameandika. Hebu tazama tena.»

Niliikuta chini ya matangazo, ina siku kumi na moja. Walikuwa wameuliza kwa adabu kabisa: Do you offer a family room? Yaani, mna chumba cha familia? Watu sita, siku nane, mwezi wa Agosti. Walikuwa wameshalipia kwengine. Ami hakunigombeza. Aliniambia niwaandikie kuwaomba radhi, kisha nimwonyeshe kwenye skrini barua ilikuwa imejificha wapi. Tukaipitia pamoja orodha nzima ya siku zile, tukakuta wageni wengine wawili.

Tangu siku ile, kichujio cha neno hakina ruhusa ya kuhamisha barua kwangu. Kinaweza kuipa lebo, kinaweza kuipa nyota, lakini barua inabaki kikashani. Kwa kazi hiyo maneno yanafaa sana. Mfano ni bima. Tangu 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya Tanzania anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ada yake dola 44, na maswali yake hayaishi. Nina kichujio kinachotafuta insurance OR Versicherung OR assicurazione, maana wageni wetu wengi wanaandika kwa Kiingereza, Kijerumani au Kitaliana. Kila barua yenye neno mojawapo inapata lebo ndogo ya «Bima» na inakaa palepale. Nikikaa kujibu, nazijibu zote kwa pamoja kwa kiolezo nilichokwishakiandika. Violezo unaviwasha kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu iliyoandikwa Advanced kwa Kiingereza. Gmail inaweza pia kutuma kiolezo yenyewe kwa njia ya kichujio; mimi sifanyi hivyo. Mtu ameuliza bima na hapohapo amesema mama yake anatumia kiti cha magurudumu. Jibu la mashine halitaliona hilo la pili, na hilo la pili ndilo lenye kumtia wasiwasi.

Barua za watu zinajionyesha zenyewe

Wengi wanauliza: mgeni mpya anwani yake siijui, nitamwekeaje kichujio? Humwekei. Ukishawatoa watumaji wa mashine mmoja mmoja kwa anwani zao, wanaobaki kikashani ni watu. Ndiyo maana sitafuti karafuu kwenye jamvi, natoa makonyo.

Kuna njia mbili za kusaidia zaidi. Ikiwa nyumba yako ina tovuti yenye fomu ya maulizo, mwombe aliyeitengeneza aweke kichwa cha barua kisichobadilika, kisha unda kichujio cha kichwa hicho: lebo «1 Wageni», nyota, isipelekwe kamwe kwenye barua taka. Njia ya pili ni alama ya kujumlisha ndani ya anwani. Gmail inapuuza kila kilicho baina ya + na @, kwa hiyo barua iliyotumwa kwa jinalako+kazi@gmail.com inafika kwa jinalako@gmail.com bila taabu yoyote. Tunapotangaza nafasi ya kazi, anwani yenye +kazi ndiyo tunayobandika, na kichujio kinaangalia nafasi ya mpokeaji. Maombi yanakaa chini ya «5 Kazi», hayachanganyiki na maulizo ya wageni, na Jumamosi asubuhi nayafungua yote kwa utulivu. Vijana wa Jambiani, Makunduchi, Paje wanatuma barua hizi wakiwa wametafuta bando la kuzitumia. Wanastahili kusomwa na kujibiwa, hata ikiwa jibu ni hakuna nafasi. Baadhi ya fomu za mtandaoni zinaikataa alama ya +, basi huko utaandika anwani yako ya kawaida.

Angalizo moja: kichujio kinaikagua kila barua kivyake. Mtu akijibu barua iliyochujwa, jibu lake litachujwa tu ikiwa nalo linatimiza masharti yale yale.

Simu

Programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kuunda vichujio. Tafuta kompyuta kwa saa moja, hata ya kuazima skuli au ofisini kwa mtu, ufanye kazi yote, kisha utoke kwenye akaunti. Baada ya hapo huihitaji tena kompyuta, kwa sababu vichujio havikai kwenye kifaa chako, vinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za Google zenyewe. Simu izimwe, bando liishe, umeme ukatike, kuchambua kunaendelea. Nyaya za chini ya bahari zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikawa ya kubahatisha Afrika Mashariki nzima, niliporudi hewani nilikuta mamia ya barua, na zote zimeshakwenda mahali pake. Nilikuwa na barua chini ya thelathini za kusoma siku ile, nikazimaliza kabla ya Adhuhuri.

Kwenye simu ya Android fanya jambo moja zaidi. Ingia mipangilio ya Gmail, chagua akaunti, kisha usimamizi wa lebo. Fungua «1 Wageni», iruhusu kusawazisha, kisha washa arifa zake. Lebo nyingine ziache kimya. Simu ikilia, ni mgeni.

Kwa wenye Outlook

Huko kuna folda za kweli, na vichujio vinaitwa sheria. Ingia mipangilio, sehemu ya barua, kisha sheria. Ipe jina, weka sharti, weka kitendo. Tofauti kubwa ni mpangilio: sheria zinasomwa kuanzia ya juu kwenda chini, na kila sheria ina tiki ya kusimamisha zinazofuata. Ziweke za watu juu kabisa na uzitie tiki hiyo, ili sheria ya chini isije kuihamisha barua ambayo ya juu imeshaishika. Ukitumia Outlook ya zamani iliyowekwa ndani ya kompyuta, jihadhari na sheria zinazofanya kazi kwenye kompyuta hiyo peke yake. Kompyuta ikizimwa, nazo zimelala. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, nayo inachuja kwa namna hiyo hiyo.

Kagua vichujio usivyoviunda wewe

Mwizi akipata nywila yako, mara nyingi habadilishi kitu cha kuonekana. Anaunda kichujio. Barua yoyote yenye maneno ya malipo au benki inapelekwa nakala kwake na kufutwa kwako, kisha anamwandikia mgeni kwa jina la nyumba yako: akaunti imebadilika, lipa hapa. Mgeni analipa. Wewe huoni chochote mpaka afike mlangoni na mabegi, na risiti ya pesa ambazo hukuzipata.

Kila mwanzo wa mwezi bonyeza gia iliyo juu kulia, fungua mipangilio yote, nenda kwenye ukurasa wa vichujio na ukisome kila kimoja. Usichokijua kifute, badilisha nywila siku hiyo hiyo, na uwaarifu wageni wenye malipo njiani kwa njia isiyokuwa barua pepe. Pita pia kwenye ukurasa wa kusambaza barua, uhakikishe hakuna anwani ngeni. Na washa uthibitishaji wa hatua mbili kama bado.

Barua taka zifungue mara moja kwa wiki. Wageni wenye anwani za kampuni ndogo huangukia huko, na humo pia barua hufutika baada ya siku 30.

Nafasi

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo zinagawanywa baina ya Gmail, Drive na picha. Zikijaa, barua mpya haziingii, na aliyekuandikia anarudishiwa yake. Andika larger:10M older_than:2y kwenye kisanduku cha kutafutia: barua zenye zaidi ya MB 10 na umri wa zaidi ya miaka miwili zitakuja pamoja. Kwetu nyingi zilikuwa picha za harusi na vipeperushi vya maonyesho.

Wakati huohuo tafuta na nakala za pasipoti walizotutumia wageni. Mgeni akishaondoka na kumbukumbu zinazotakiwa zikishaandikwa, picha ya pasipoti yake haina tena kazi kwenye kikasha chetu. Naifuta, naifuta na kwenye tupio.

Ukishamaliza yote, kwenye ukurasa ule ule wa vichujio vitie tiki na ubonyeze kuhamisha. Unapata faili dogo lenye vichujio vyako. Langu nimelihifadhi nje ya barua pepe, na nakala nimempelekea binamu yangu aliyeko Wete, Pemba, anayefungua nyumba ya vyumba vinne. Ameliingiza kwenye akaunti yake, akabadilisha anwani za wauzaji wa gesi na samaki kuwa za kule, na kichujio cha bima amekiacha kama kilivyo.